Kabla Hujauliza Gemu Ipi Kali, Uliza Inakatikaje

Ndani ya Stardew Valley, gemu ya kulima shamba, ni saa tatu usiku. Mchezaji yuko mgodini, ghorofa ya 74, mfuko umejaa madini. Kwenye kioo cha Switch, konsoli ya mkononi ya Nintendo, limeshatokea onyo la betri, na chaja iko mbali. Anatafuta kitufe cha kusevu, yaani kuhifadhi alipofika. Hakipo. Gemu hii inasevu wakati mmoja tu: mhusika akishapanda kitandani na siku ikaisha.

Njia ya kujiokoa ipo. Apande ngazi atoke mgodini, akimbie hadi shambani, aingie ndani, alale. Ni dakika moja au mbili hivi. Asipowahi, siku nzima inafutika: madini, samaki, mbegu alizopanda, zawadi aliyompa jirani. Siku moja ya gemu hii, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane usiku, huchukua takribani dakika 14 za kweli, kwa hiyo hasara yenyewe haizidi hapo.

Dakika 14 zinavumilika. Zipo gemu zinazomeza saa nzima kwa mtindo huohuo.

Jambo hili limekuwa likinizunguka kichwani wiki kadhaa sasa. Watu wakishauriana gemu za konsoli ya mkononi utasikia picha kali, hadithi tamu, alama tisa kwa kumi, masaa mia ya kucheza. Ni nadra mtu kuuliza: nikilazimika kuiacha ghafla, itanifanya nini? Ilhali konsoli hii inachezwa kwenye basi, kwenye foleni ya benki, kitandani, wakati wa kusubiri wali uive, na mahali ambapo umeme hukatika bila kuaga. Inachezwa kwa vipande.

Nadhani hilo ndilo swali la kwanza. Picha na hadithi zije baadaye.

Tetris haikusevu chochote

Game Boy ilipotoka mwaka 1989, Nintendo walikuwa na Super Mario Land mkononi. Kwa soko la Marekani wangeweza kuiweka hiyo ndani ya boksi na hakuna ambaye angelalamika. Henk Rogers, aliyekuwa akihangaikia haki za Tetris, alimshawishi Minoru Arakawa, bosi wa Nintendo ya Marekani, kwamba Tetris ingeuza mashine kwa watu wa kila rika. Ikawekwa Tetris.

Tetris ile haikuhifadhi kitu. Ukizima mashine, hata alama zako za juu zinapotea. Lakini ilikuwa haina cha kupoteza: raundi ni dakika chache, unabonyeza START inasimama, unabonyeza tena inaendelea, na ukianza upya huhitaji kukumbuka ulikuwa umefika wapi. Mashine nayo ilidumu na betri nne ndogo kwa muda mrefu, wakati Game Gear ya Sega, yenye kioo cha rangi na taa, ilikuwa ikimaliza betri sita kwa saa tatu hadi tano. Gunpei Yokoi, aliyeongoza utengenezaji wa Game Boy, alikuwa muumini wa teknolojia iliyokwishazoeleka na kushuka bei. Kioo chake cha kijani kilichekwa sana. Kilidumu kuliko waliokicheka.

Tangu hapo kumekuwa na namna mbili za kulipokea tatizo hili: gemu yenyewe ikubali kukatizwa, au mashine iisaidie kulala. Namna ya pili ndiyo iliyotulevya.

Usingizi si kusevu

PSP, konsoli ya mkononi ya Sony, ilikuwa na swichi pembeni. Ukiisukuma juu mara moja, mashine inalala hata katikati ya vita. Nintendo DS ilitosha kufunika mfuniko. Switch unagusa kitufe cha juu, Steam Deck ya Valve vilevile. Ukirudi unaendelea pale ulipoacha, mpira ukiwa bado hewani.

Ni jambo zuri mno, na ndilo limefanya watu waache kuuliza maswali. Usingizi ni kama chungu kilichoachwa kwenye makaa: chakula kipo, kina joto, ila makaa yanaendelea kuisha. Gemu iliyolala imekaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na RAM bila umeme haikumbuki kitu. Betri ikiisha kabisa, umerudi kwenye sevu yako ya mwisho, popote ilipo.

Kuna njia nyingine tatu za kuupoteza usingizi, na nyingi ya simulizi za "sevu yangu imepotea" zinatoka humo.

Kwanza, Switch hulaza gemu moja tu kwa wakati. Mdogo wako akiomba acheze Mario Kart kidogo, mashine itauliza kama unataka kuifunga gemu iliyokuwa wazi. Mtoto hatasoma. Atabonyeza A. Nyumba yenye konsoli moja na wachezaji watatu inapaswa kuhesabu kwamba usingizi haupo kabisa, na kununua gemu kwa hesabu hiyo.

Pili, kuchomoa kadi ya gemu. Gemu ikiwa imelala na kadi ikatolewa kuingiza nyingine, ile ya kwanza inafungwa. Mtu anayezungusha kadi mbili au tatu kwa siku ndiye anayeumia zaidi.

Tatu, mtandao. Gemu za kushindana mtandaoni hazilali. Splatoon 3 ina mechi ya dakika 3, fupi kuliko nyingi, lakini ukilaza mashine katikati umetoka, wenzako wamebaki pungufu, na ukirudiarudia unafungiwa kwa muda. Kwa hiyo ufupi wa raundi hautoshi kama kipimo. Kuna gemu ya dakika 3 isiyokatika na kuna gemu ya saa 80 inayokatika popote.

Inasevu wapi?

Hapa ndipo penye kazi.

Chukua Fire Emblem ya Game Boy Advance, ile iliyofika nje ya Japani mwaka 2003. Game Boy Advance ilikuwa mashine ya betri mbili ndogo. Gemu hii iliandika hali yake yenyewe kila baada ya tendo: umesogeza askari, imeandikwa, umeshambulia, imeandikwa. Ukizima ghafla na kuwasha tena, unachagua kuendelea na unakuta vita pale pale. Lengo lilikuwa pia kukuzuia usidanganye, maana askari aliyekufa kwenye gemu hiyo amekufa, kuzima hakumfufui. Watengenezaji walikuwa wanakubana, wewe ukapata gemu inayovumilia mgao wa umeme.

Miaka mitatu baadaye ikaja New Super Mario Bros. ya DS, gemu tamu, maarufu, na kwenye suala la kusevu ni msumbufu. Mpaka uimalize hadithi, huruhusiwi kusevu unapotaka. Unasevu ukishinda mnara au ngome, au ukilipa sarafu tano za nyota kuondoa kibao kinachoziba njia. Watu walikuwa wanalipa sarafu kwenye kibao wasichokihitaji ili tu wapewe ruhusa ya kusevu. DS ilikuwa inalala vizuri, ndiyo maana lawama hazikuwa kubwa, lakini gemu yenyewe ilikuwa imeiachia mashine kazi yake.

Kwa gemu za sasa, tofauti ni ndogo kwa macho na kubwa mkononi. Hades inasevu kila unapoingia chumba kipya. Ukitoka katikati ya pigano, unarudi mwanzo wa chumba hicho, na chumba ni dakika moja au mbili. Slay the Spire, gemu ya kupigana kwa karata, inafanya karibu hivyo: ukitoka katikati ya pambano unalianza upya, na karata zinakuja kwa mpangilio uleule. Wajanja wanalitumia hilo kurudia pambano walilolivuruga. Celeste imekatwa vyumba vidogovidogo. Ukifa unazaliwa pale pale kabla hujakasirika. Into the Breach ni ubao wa miraba 8 kwa 8 na mapambano ya zamu chache, mara nyingi tano. Balatro ya 2024 inakurudisha ulipokuwa, karata zilezile mkononi.

Hollow Knight ina utata wake. Ukitoka, fedha na vitu ulivyookota vinabaki, lakini mwili wako unarudi kwenye benchi ulipokaa mara ya mwisho. Kwenye maeneo ya mwanzo hiyo ni kutembea kidogo. Kwenye Deepnest, ambako giza ni nene na benchi ni za kutafuta, ni adhabu. Ningemshauri mtu wa safari ndefu kuinunua bila wasiwasi, na mtu wa vipande vya dakika kumi aifikirie mara mbili, ingawa ni gemu bora kuliko nyingi nilizozitaja hapa.

Namna ya kujua kabla hujatoa hela ni hii. Kama duka la mashine linatoa onyesho la bure la gemu hiyo, pakua, cheza dakika ishirini, kisha itoe kwa makusudi katikati ya shughuli: ifunge kabisa kutoka menyu kuu, usiilaze. Ifungue tena uone imekuweka wapi. Kama hakuna onyesho, tafuta video ya mtu anayecheza bila kukata, uangalie kona za kioo. Gemu nyingi huonyesha alama ndogo inayozunguka wakati wa kusevu. Pima muda kati ya alama moja na inayofuata, tena katikati ya gemu, si mwanzoni. Mwanzoni kila gemu ni mpole.

Na kama unaulizia kwa mwenye nayo, usimuulize kama inasevu yenyewe. Atasema ndiyo. Muulize: "Ukizima sasa hivi, utarudia nini?"

Wiki tatu baadaye

Hapa ndipo nilipoanza kuishuku hoja yangu mwenyewe.

Tuseme mashine inalala vizuri, gemu inasevu kila dakika, betri imejaa. Mtu ameiacha gemu Jumapili. Ikaja kazi, ukaja msiba, ikaja mitihani. Anaifungua baada ya wiki tatu na anajikuta amesimama juu ya daraja, ana dawa kumi na moja za rangi tofauti, vitufe sita vyenye ujuzi uliotegeshwa, na hajui alikuwa anaelekea wapi. Gemu imekumbuka kila kitu. Yeye ndiye aliyesahau.

Nadhani gemu nyingi ndefu huachwa hivyo, kimyakimya, bila mtu kuzichoka. Na hakuna kitufe cha kuzuia hilo.

Baadhi ya watengenezaji waliliona. Pokémon FireRed na LeafGreen za 2004, kila ukiendelea na sevu yako, zinakuonyesha kwanza picha fupi za mambo uliyoyafanya karibuni: ulifika mji huu, ulipigana na fulani. Sekunde chache tu. Dragon Quest XI S ya Switch inakusimulia hadithi ilipofikia kila unapofungua. Breath of the Wild ina daftari la safari na ramani unayoweza kuibandika alama, na kwa kuwa dunia yake imekuachia uende unakotaka, kusahau njia si janga sana. Unapanda kilima chochote na safari inaanza upya.

Xenoblade Chronicles 2 iko upande wa pili kabisa. Mfumo wake wa kupigana una tabaka juu ya tabaka, na maelezo mengi hutolewa mara moja tu, ukiyapita umeyapita. Kioo cha mkononi nacho kinaionyesha kwa ukungu, kwa sababu picha inashushwa sana ili mashine imudu. Kwenye televisheni, kwa mtu mwenye jioni tatu mfululizo kila wiki, ni gemu kubwa. Ndani ya basi, hapana. Najua wapo watakaobisha.

Kuna dawa za mkono. Usiache gemu katikati ya pango; rudi mjini kwanza, hata kama ni dakika tano za ziada. Bandika alama ya ramani mahali unapokwenda, siyo mahali ulipo. Na andika mstari mmoja kwenye simu, kama ujumbe kwa mtu mwingine: "Natafuta ufunguo wa mnara wa mashariki, nunua mishale kwanza." Inaonekana utoto. Inafanya kazi.

Sevu inakaa kwenye nini?

Kukatika kwingine ni kwa kikatili zaidi: mashine kuibiwa, kuanguka, au kuuzwa. Hapo swali linakuwa sevu yenyewe iko wapi, kwenye kitu gani unachoweza kukishika.

Kwenye PSP iko kwenye Memory Stick, kadi yake ya kumbukumbu, ndani ya folda ya SAVEDATA. Unachomeka waya wa USB, unanakili folda kwenye kompyuta, umemaliza. Mashine ikifa, sevu zako ziko hai. Ni mfumo mzuri kuliko mingi iliyoufuata.

Kwenye Switch watu wengi wanaamini microSD, kadi ndogo ya kumbukumbu unayoichomeka, ndiyo imebeba kila kitu. Hapana. MicroSD inabeba gemu zilizopakuliwa, masasisho na picha. Sevu ziko kwenye kumbukumbu ya ndani ya mashine, hata kama gemu umeinunua kwa kadi. Ukimuuzia mtu kadi, sevu yako inabaki kwako. Ukiibiwa mashine ukabaki na microSD mfukoni, safari yako imekwenda na mashine. Wingu la kulipia la Nintendo, yaani hifadhi ya mtandaoni, linazihifadhi sevu nyingi, ila si zote. Pokémon Scarlet na Violet hazimo. Animal Crossing: New Horizons ina utaratibu wake wa pekee wa kunusuru kisiwa, unaopaswa kuwashwa kabla ya balaa. Gemu hiyohiyo inatoa kisiwa kimoja kwa mashine moja, haijalishi mna akaunti ngapi. Familia ya watoto watatu itaishi kisiwa kimoja, na wa kwanza kuifungua ndiye mwenyeji anayesukuma mambo mbele. Ugomvi wa hapo utatuliwe kabla ya kununua.

Kaseti za zamani zina lake. Sevu ya Game Boy iko ndani ya kaseti yenyewe, na nyingi huitunza kwa betri ya kibonge. Pokémon Gold na Silver zinatumia CR2025, na betri hiyohiyo inaendesha saa ya gemu mchana na usiku, ndiyo maana zinakufa mapema kuliko nyingine. Ukienda kununua kaseti kama hiyo iliyotumika, usiridhike kuona gemu inawaka. Anza safari mpya, sevu, zima, chomoa kaseti, kaa nayo dakika chache, rudisha. Kama kitufe cha kuendelea hakipo, betri imekwisha, na bei ishuke.

Kubadilisha si kazi kubwa. Kaseti inafunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Nunua betri yenye vijibati vyake vya kuchomelea. Usichomelee moja kwa moja juu ya betri tupu, joto linaweza kuipasua. Angalia upande wa chanya kabla hujaitoa ya zamani. Sevu iliyokuwepo itafutika wakati wa kazi, hilo fahamu mapema.

Pokémon Ruby na Sapphire zinaogopesha watu bure. Zikiwaka hutoa tangazo kwamba betri ya ndani imekwisha, na wauzaji wengine huzitupa kwa bei ya chini wakidhani zimekufa. Sevu ya gemu hizo iko kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Kilichokufa ni saa, kwa hiyo matunda hayaoti na mambo yanayotegemea siku yanasimama. Safari nzima inachezeka. Ukiona muuzaji analia juu ya tangazo hilo, msikilize kwa huruma kisha nunua.

Kadi ambayo si gemu

Hili fupi, kwa wanaotegemea bando. Kununua kadi si kila mara kununua gemu nzima. L.A. Noire ya Switch ilitaka upakue takribani GB 14 juu ya kadi. Kwenye Switch 2, iliyotoka Juni 2025, kuna kadi ambazo ndani yake mna ufunguo tu. Gemu yote inapakuliwa, na kadi lazima ikae kwenye mashine ndipo ufunguo ukubali. Onyo lipo sehemu ya chini ya kava, upande wa mbele. Kwenye mtumba bila kava, uliza.

Switch ya kwanza ina GB 32 za ndani, na mfumo wenyewe umeshakula sehemu yake. Breath of the Wild ya kupakua ni zaidi ya GB 13. The Witcher 3 haiingii kabisa bila microSD, ilhali kadi yake imebeba gemu yote na nyongeza zake mbili, jambo la kupongezwa. Ukinunua microSD, ipime kabla ya kuiamini: programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux inaijaza mpaka mwisho na kuisoma tena. MicroSD bandia hudai GB 256 na kubeba chache tu. Zinazozidi zinaandikwa hewani.

Na kama unanunua kadi zilizotoka Dubai, Japani au Ulaya, Switch inazisoma zote. Tatizo ni nyongeza, zile sehemu za ziada za gemu zinazouzwa mtandaoni: nyongeza inunuliwe kwenye duka la ukanda uleule wa kadi. Ukanda umeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kadi, mwisho wa namba yake: USA, EUR, JPN.

Herufi

Kukatizwa mara nyingi maana yake ni kusoma upya mara nyingi. Gemu iliyoandikwa kwa ajili ya televisheni ya inchi 50 haibadiliki kuwa kitabu ikifika kwenye inchi 6.2, sembuse 5.5 za Switch Lite. Fire Emblem: Three Houses ni gemu ya maneno mengi, na maneno yenyewe ni madogo. Valve, wanapokagua gemu za Steam Deck, wanataka herufi ndogo kabisa isipungue pikseli 9 kwenda juu kwenye kioo cha 1280 kwa 800. Hicho ni kiwango cha chini mno, na bado zipo zinazoanguka.

Ukishanaswa, Switch ina ukuzaji ndani ya mipangilio ya mfumo. Ukishauwasha, unabonyeza HOME mara mbili na kioo kinakua. Steam Deck ni kushikilia kitufe cha STEAM pamoja na L1. Vyote viwili vinakufaa kusoma barua moja ya siri. Havifai kusomea gemu nzima.

Monster Hunter inavuruga hesabu yote

Hoja yangu ina mwiba mmoja, na nimeshindwa kuung'oa.

Monster Hunter Freedom Unite ya PSP, gemu ya kuwinda majoka, inavunja kila nilichoandika. Mawindo mengi yana kikomo cha dakika 50, na hakuna kusevu katikati. Kamera iko kwenye vitufe vya mwelekeo huku kutembea kuko kwenye kijiti kilicho chini yake, kwa hiyo wachezaji walijifunza kukunja kidole cha shahada kama kucha ili wafanye yote mawili. Mkono unauma. Ukicheza peke yako unaweza kulaza mashine. Mkiwa wanne kwa mawimbi ya karibu, anayelaza anatoka, na windo linaendelea bila yeye. Ni gemu isiyokatika kwenye mashine ya kukatiwa, na ni miongoni mwa gemu zilizoiuza sana PSP Japani.

Maelezo niliyo nayo ni kwamba watu hawakuicheza kwa vipande. Walipanga. Walikaa meza moja, wakatenga saa, wakaja na chaja. Basi huenda swali langu halipaswi kuelekezwa kwa gemu peke yake, na mtu anayeshauri gemu aanze kuuliza unacheza na nani, saa ngapi, umekaa wapi. Sijaamua.

Kwa wanaotaka kujaribu leo, na PSP za mtumba bado zinapatikana: kila mmoja anahitaji nakala yake ya gemu, moja haitoshi wanne. Washeni swichi ya WLAN, ya mawasiliano bila waya, kwenye kila mashine. Kwenye mipangilio ya mtandao, hali ya karibu (Ad Hoc), wekeni wote chaneli moja, 1, 6 au 11. Mmoja akiwa 1 na mwingine 11 hamtaonana hata mkikaa bega kwa bega. Zimeni ubanaji umeme wa WLAN, unaweza kukatisha mawasiliano. PSP za 2000 na 3000 zina betri ya mAh 1200, ya 1000 ilikuwa 1800, na mawimbi yanaila haraka, tena betri hizi sasa ni za zamani na nyingine zimevimba; kama kifuniko cha nyuma hakikai sawasawa, itoeni msiitumie. Anzeni na windo fupi la nyota za chini kupima kama unganisho linashika. Mwenye betri dhaifu akae karibu na soketi.